Mawe Meusi ya Dresden

Wiki iliyopita nilimwita fundi aje kurekebisha mlango wa jikoni, ule unaovimba kila unyevu wa Agosti unapoingia Doha na kukataa kufunga. Alikuwa kijana wa Kinepali, mpole, hana maneno mengi. Akatandika gazeti, akatoa msasa mfukoni, akaanza kusugua ukingo wa mlango. Mimi nilikuwa sebuleni nimezama kwenye kazi za ofisi, na ile harufu ya vumbi la mbao ikanifuata mpaka pale nilipokaa. Nikainuka, nikaenda kusimama nyuma yake kama mkaguzi wa serikali. Nilivumilia dakika mbili nzima, kisha nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba anasugua kinyume na nyuzi za mbao. Akaniangalia, akanikabidhi msasa. Nikamaliza mlango mwenyewe, yeye akanywa chai.

Wenzangu wa rika langu, hasa sisi tuliolelewa huku na wazazi kutoka Kenya, huniuliza nimeitoa wapi jeuri ya namna hii. Nimeitoa kwa baba. Tangu tumzike kule Wamunyu sijaisimulia hadithi hii ipasavyo. Zamani aliisimulia yeye, na kila mara alijipunguzia sifa, jambo lililoniudhi sana. Leo hayupo wa kunikatiza.

Wamunyu ni Ukambani, na enzi za utoto wake karibu kila boma lilikuwa na mchongaji. Wanaume walichonga vifaru na twiga kwa tezo, na kulainisha ilikuwa kazi ya wanawake na watoto. Hakuna aliyeiita kazi ndogo, maana twiga aliyechongwa vizuri akasuguliwa vibaya hakupata mnunuzi. Baba alianza kusugua akiwa na miaka mitano, amekaa vumbini kando ya bibi yake. Mimi alinianzisha nikiwa na umri huohuo, ila nilikaa juu ya mkeka wa plastiki, ghorofa ya pili, mtaa wa Abu Hamour hapa Doha, kiyoyozi kikinguruma juu ya kichwa changu. Alinifundisha kuanza na msasa mkali na kumalizia na ule laini kabisa, unaokaribia kuwa karatasi tu. Alinifundisha kusugua kwa viduara vidogo bila kukandamiza, na kupuliza vumbi badala ya kulipangusa. Kila nilipodhani nimemaliza, alizima taa, akawasha tochi na kuilaza ubavuni mwa mbao ili mwanga upite juu kwa juu. Mikwaruzo yote ikajitokeza.

"Umeona?" alikuwa akisema. "Taa ya juu inaficha. Hii ya pembeni haifichi kitu. Rudia, mami."

Nikarudia. Nilipofika miaka tisa nilikuwa msuguaji bora kuliko wote katika jengo letu. Kwamba katika jengo letu hakukuwa na mwingine si kosa langu.

Hapa Doha baba hakuchonga twiga. Alifanya kazi kwenye karakana inayotengeneza mifano midogo ya majengo, ile ambayo matajiri huizunguka wakiwa na kahawa mkononi kabla hawajaamua kujenga. Wakati huo Lusail, mji mpya kando ya Doha, ilikuwa bado mchanga na ramani. Minara ambayo leo watu huipiga picha, baadhi yake niliiona kwanza mezani kwa baba, mirefu kama chupa ya maji. Mpaka leo siwezi kuiogopa.

Kisha akaja Madam Renate. Alikuwa msanifu majengo, Mjerumani, mrefu, nywele nyeupe zilizokatwa fupi kama za mwanajeshi. Alikuwa akisimamia michoro ya sehemu fulani ya Lusail, na alitaka kutengenezewa mfano wa mji mkongwe alikozaliwa, Dresden, ulio kando ya mto huko mashariki mwa Ujerumani. Alisema anataka kuuweka mbele ya vijana wa ofisini kwake, waone mji uliojengwa kwa mkono ukoje. Baba alipewa kazi hiyo aifanyie nyumbani, jioni na siku za mapumziko. Ubao wake ulikuwa mkubwa kama mlango. Ulilala juu ya meza yetu ya chakula, nasi tukala chini kwenye mkeka kwa miezi mingi.

"Baba Mumbua," mama alizoea kusema, akiruka miguu yetu na sufuria ya githeri, "huu mji wako utatutoa kwa nyumba."

Mimi niliupenda mji ule kwa kiburi cha mwenye mali. Nikitoka shule, kabla ya kuvua viatu, nilienda kukagua nini kimeongezeka. Kulikuwa na jumba lenye ua mkubwa katikati, na juu ya lango lake limekaa taji, taji kweli, kana kwamba mfalme alilisahau hapo akaenda kuoga. Kulikuwa na kanisa ambalo juu ya paa lake, pande zote, wamepangwa watakatifu wa mawe. Baba aliwachonga kwa vijiti vya kuchokolea meno, mmoja mmoja, kwa ncha ya sindano. Mimi niliona vibarua. Huku kwetu mtu aliyesimama juu ya jengo ni kibarua, hakuna mwingine. Nilimuuliza baba mbona hawana helmeti.

"Hao ni watakatifu," baba akasema.

"Hata kama. Jua lote hilo?"

Kulikuwa pia na ukuta mrefu uliopambwa kwa vigae vya kauri, wenye picha ya watawala wa zamani wakipita juu ya farasi, kizazi baada ya kizazi, hadi mwisho wa barabara. Baba alisema vita ilipounguza mji ule, ukuta huo ulibaki karibu mzima, kwa sababu kauri ilikuwa imekwisha kuzoea moto tangu ilipookwa. Aliupunguza ukawa ukanda wenye urefu wa mkono wangu. Mimi msafara wa farasi na mavazi ya thamani niliufahamu vyema, hiyo ni harusi. Niliutafuta uso wa bibi harusi kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho, nikamkosa. Nikahitimisha kwamba amekataa kuolewa, na kwamba wale wanaume wenye ndevu wanaenda kwao kubembeleza. Sikumwambia mtu. Niliona ni aibu ya familia ya watu.

Katikati ya yote lilisimama kanisa kubwa lenye jina la Mama Maria, kuba lake likiwa na umbo la kengele. Baba alilifinyanga kwa jasi, kule karakanani, kwa sababu mbao isingekubali mviringo ule. Lilikuwa refu kuliko rula yangu, rangi yake ya maziwa yenye chai kidogo, na juu ya kuta zake alikuwa amechora kwa sindano mistari ya mawe, kila jiwe kama punje ya mchele. Siku alipolileta nyumbani na kulisimamisha mahali pake, mama aliacha kukunja nguo akaja kuliangalia. Akasema, "Hii sasa umeweza." Mama alikuwa nesi, na sifa alizitoa kwa kipimo kama dawa.

Siku chache baadaye niliona madoa.

Mwanzo yalikuwa matatu manne, meusi, karibu na mlango wa kanisa. Kesho yake nilipotoka shule yalikuwa yameongezeka. Keshokutwa yake yalikuwa yametawanyika kuta zote, hapa moja, pale mawili, bila mpangilio wowote. Na kona moja ya nyuma, ile iliyoelekea kiyoyozi, ilikuwa imekuwa nyeusi karibu yote. Basi nikajua. Dari ya bafu letu ilikuwa na madoa ya namna hiyohiyo, na mama alipigana nayo mwaka mzima akiwa na barakoa usoni. Ulikuwa ukungu, na ulikuwa unakula kanisa la baba kuanzia upande wa unyevu. Nilikuwa na ushahidi wote, ningeweza kusimama mahakamani.

Sikusema, kwa sababu wakati huo nyumbani kwetu hakuna aliyehitaji tatizo jingine. Karakana ya baba ilikuwa inafungwa. Mudir, yaani meneja wao, alikwisha kuwaambia. Viza zetu sote zilisimama kwa jina la baba, kwani mama alikuwa na mkataba mfupi tu wa kliniki, na kazi ya baba ikiisha, sisi pia tumeisha. Masanduku yalikuwa yameshateremshwa kutoka juu ya kabati. Tumaini lilikuwa moja tu. Madam Renate alikuwa anafungua chumba cha kutengenezea mifano katika ofisi yake ya Lusail, na alimwambia baba kwamba akimaliza kuukagua mji wake ndipo atakapomjibu kama atamchukua au la. Angekuja Jumamosi, saa kumi. Wiki moja kabla alikuwa ameuchukua mchoro wake, ule ulioonyesha kila kitu mpaka jiwe, ili siku hiyo aje kulinganisha mwenyewe.

Mimi sikutaka kwenda. Kenya kwangu ilikuwa sauti za shangazi kwenye simu na baridi ya Julai moja niliyoikumbuka nusunusu. Kwetu ni Abu Hamour. Nililala nikiomba, na katika maombi nilimkumbusha Mungu kuhusu ule ukungu, kama hajauona.

Ijumaa ndiyo Jumapili yetu huku. Ijumaa ile baba alienda kanisani peke yake. Mama alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala na mlango umefungwa. Mimi nilikuwa na kikohozi, nikaambiwa nibaki na nisimwamshe. Sheria ya nyumba yetu ilikuwa kwamba mgeni akija, kila kitu kinapanguswa siku moja kabla, vumbi la Doha halina adabu. Kwa hiyo nilipochukua brashi laini na kuanza kufagia mapaa ya Dresden, sikuwa nafanya utundu. Nilikuwa natii sheria.

Nilifagia watakatifu. Nilifagia msafara wa harusi. Nikafika kanisani.

Nilijaribu kitambaa kikavu, madoa hayakutoka. Nilijaribu mate, yakacheka tu. Ndipo nikafanya kile ambacho mjukuu wa wachongaji wa Wamunyu angefanya. Nikachukua kijiti cha meno, nikakata kipande kidogo cha ule msasa laini kabisa, nikakigandisha kwa gundi kwenye ncha, kama baba alivyonionyesha kwa sehemu zisizoingia kidole. Nikaanza na jiwe la kwanza karibu na mlango. Viduara vidogo, bila kukandamiza, puliza. Jiwe likatoka likiwa jeupe kama wenzake. Niliona raha ambayo bado naikumbuka mwilini. Nikaenda la pili.

Nilifanya kazi asubuhi nzima. Nadhani ni zaidi ya mawe mia mbili, sikuhesabu, fundi hahesabu. Mwanzoni mkono ulikuwa mzito kidogo. Nilipofika ukuta wa kusini ulikuwa mwepesi, nikawa namaliza jiwe kabla sijajua nimelianza. Nilibakiza ile kona nyeusi kwa sababu ilikuwa kubwa, na nilitaka baba anikute nikiwa katikati ya ushindi.

Akanikuta. Alisimama mlangoni na mfuko wa mkate wa khubuz mkononi, bado amevaa shati lake la kanisani.

"Baba, nimetoa ukungu wote," nikamwambia. "Bado hiyo kona tu."

Alitembea mpaka mezani. Akauweka mkate juu ya jumba la opera la ule mji wake, kitu ambacho hangekifanya akiwa na akili zake. Akainama, akaangalia upande mmoja wa kanisa, akazunguka, akaangalia mwingine. Kisha akaketi kwenye mkeka na kushika kichwa. Nilisubiri sifa. Hazikuja.

Mama alitoka chumbani, kilemba kimelegea. "Ni nini? Nani amekufa?"

"Mumbua amesafisha kanisa," baba akasema.

Mama akaangalia. "Aki Mumbua! Si ungeuliza kwanza?"

"Ulikuwa umelala. Na ni ukungu, mama, ulianzia kwa AC, mimi niliuona."

"Haikuwa ukungu," baba akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, jambo lililonitisha kuliko hasira. "Ni mimi nilipaka hizo rangi. Ukiwa shule."

Akanieleza, akiwa bado chini, huku akiyaangalia mawe yangu meupe. Kanisa lile lilijengwa zamani sana. Vita ikaja, mji ukachomwa kwa mabomu kutoka angani, na kanisa likasimama katikati ya moto, kisha siku mbili baadaye likaporomoka lenyewe. Likabaki rundo la mawe katikati ya mji kwa miaka mingi, watu wakizaliwa na kuzeeka wakipita kando yake. Halafu wakaamua kulijenga upya. Walilichambua lile rundo jiwe kwa jiwe, wakapima, wakaandika kila moja limeangukia wapi, ili wajue lilitoka wapi ukutani. Mawe mengi yaliyofaa yakarudishwa palepale yalipokuwa. Mapya yalikuwa meupe. Ya zamani yalikuwa yamekuwa meusi kwa umri. Ile kona ya nyuma ndiyo sehemu ambayo haikuanguka kabisa.

"Hayo meusi ndiyo yalirudi," baba akasema. "Kila mtu wa huko anayajua. Na huyu madam ana mchoro wa kila moja. Mimi sina."

"Kwa nini hukuniambia?" Hilo ndilo lililonitoka. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimeonewa.

Mama alimwambia baba labda ampigie madam simu amweleze kabla hajaja. Baba akauliza amweleze nini. Wakaanza kuongea Kikamba kwa sauti ya chini, lugha ya mambo mazito, na nikasikia neno Wamunyu mara mbili. Masanduku yalikuwa yamelala wazi kando ya kabati. Nilielewa kwamba nimetufukuza Doha kwa kijiti cha meno.

Na bado, niseme ukweli, kilichonichoma wakati ule kilikuwa kwamba hakuna aliyeitazama kazi yenyewe. Sawa, haukuwa ukungu. Lakini kusugua nilisugua vizuri, na baba alijua tofauti. Nikaamua kumwonyesha. Nikavuta mapazia, nikazima taa, nikachukua tochi yake, nikailaza ubavuni mwa ukuta wa kanisa ili aone kwamba sijaacha hata mkwaruzo mmoja.

Niliona aibu papo hapo. Jasi si mbao. Kila mahali nilipopitisha msasa palikuwa pamezama kidogo, kibonde kidogo kisichoonekana kwa taa ya kawaida, na sasa kila kimoja kilikuwa na kivuli chake. Ukuta mzima ulijaa alama za aibu yangu. Nikataka kuizima haraka.

"Usizime!" baba akapiga kelele. Sijawahi kumwona akiinuka upesi hivyo. "Shikilia hapo hapo. Mama Mumbua, niletee ile brashi ndogo, ya nywele tatu."

Tulifanya kazi mchana kutwa, mapazia yamefungwa, jua la Doha likiwaka nje bila sisi. Mama alichukua tochi, kwa sababu mkono wa nesi hautikisiki. Mimi nilitafuta vibonde na kuvitaja: chini ya dirisha la pili, viwili juu yake, kimoja kushoto. Baba alipaka. Jiwe jeupe likawa jeusi tena, hapo hapo lilipokuwa. Tulikula khubuz kavu tukiwa tumesimama. Nilianza kuyaona mawe kwa namna nyingine. Kila lililorudi nililipigia makofi moyoni kama mtu aliyetoka hospitali.

Tulipofika ukuta wa kusini mambo yakawa magumu. Tochi ilipita na ukuta ukabaki laini kabisa. Tulipata machache tu.

"Kulikuwa na mengine hapa," baba akasema. "Najua kulikuwa. Siyaoni."

"Hayo ni ya mwisho," nikamwambia. "Hayo niliyasugua vizuri zaidi."

Baba alinigeukia, brashi mkononi. Nadhani alitaka kukasirika na kitu kingine kikamzuia. "Ni kweli," akasema. "Hayo umesugua vizuri sana."

Jumamosi saa kumi kamili kengele ya mlango ikalia. Madam Renate aliingia na mchoro wake umekunjwa kwapani na kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni. Aliongea Kiingereza cha kukata maneno vipande vipande, na baba alimjibu kwa Kiingereza chake cha karakana. Mama alikuwa amenionya nikae kimya kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani. Madam alianza mtoni, akaja taratibu, hana haraka. Kwa watakatifu alitabasamu. Kwa msafara wa farasi aliinama karibu kugusa kwa pua. Kisha akaukunjua mchoro mbele ya kanisa, akachukua penseli, akaanza kulinganisha. Kaskazini. Magharibi. Penseli ilikuwa ikigusa karatasi kila jiwe, tik, tik, tik. Baba alisimama wima kama askari mlangoni mwa benki.

Upande wa kusini penseli ikasimama.

"Hapa yamepungua tisa," akasema.

Nilimwona mama akiinamisha macho. Baba akakohoa kidogo.

"Ni kosa langu, madam," akasema. "Nilikuwa napiga msasa kumalizia. Mkono wangu ukapita, nikafuta mengi. Nimerudisha niliyoyaona. Hayo tisa sikuyaona."

Sikuwahi kumsikia baba akisema uongo. Huyu ndiye mtu aliyenirudisha dukani nikiwa nalia kwa sababu ya peremende moja niliyopewa zaidi. Na sasa amesimama mbele ya mgeni anasema yeye ndiye aliyesugua ukuta wa kusini. Ukuta wa kusini! Damu ikanipanda. Nilisahau Lusail, nilisahau viza, nilisahau mikono mapajani.

"Si kweli!" nikasema, kwa Kiingereza, ili pasiwe na kisingizio. "Si yeye. Ni mimi nimesugua. Yeye hakuwepo hata!"

"Mumbua," mama akanong'ona.

"Alikuwa kanisani! Nilisugua peke yangu, asubuhi nzima!"

Madam Renate akageuka. Nadhani hakuwa amejua kama niko pale. Akaniita kwa kidole, nami nikaenda nikiwa nimeinua kidevu, nikamweleza yote: ukungu, kiyoyozi, sheria ya mgeni, kijiti cha meno. Nilikimbia kukileta. Akakipokea, akakizungusha, akaitazama ile ncha ya msasa. Kisha akainama ukutani na kioo chake. Akapitisha ukucha. Akamuuliza baba kama ana tochi. Baba akampa, na madam, bila kuambiwa, akailaza ubavuni kama tunavyoilaza sisi. Alitafuta kwa muda mrefu sana.

"Hakuna alama yoyote," akasema. "Ana miaka mingapi?"

"Tisa," nikasema.

"Nani kakufundisha?"

"Baba. Tangu nikiwa na mitano. Na yeye alifundishwa na bibi yake."

Akaketi kwenye kiti changu. Alikaa akiliangalia kanisa, kisha akaniambia jambo ambalo nililiona la kawaida siku ile, na sasa linanijia mara kwa mara. Alisema alipokuwa na umri wangu, walimpitisha kando ya lile rundo la mawe kila Jumapili, na yeye alidhani hilo ndilo kanisa. Alidhani makanisa ndivyo yalivyo, mawe mengi yenye majani juu yake. Hakuna mtu mzima aliyefikiria kumweleza.

"Hata mimi hawakunieleza," nikamwambia, nikiwaangalia wazazi wangu.

Akacheka. Alikuwa na kicheko kikubwa kisichofanana na nywele zake. Kisha akamgeukia baba, na uso ukarudi kuwa wa kazi.

"Mafundi ninao," akasema. "Vijana kumi na wawili, kutoka nchi sita, mashine zao zinakata vizuri kuliko mimi na wewe. Hakuna hata mmoja anayeweza kufanya hivi, na hakuna anayeweza kuwaonyesha. Nilikuwa natafuta fundi wa kumi na tatu. Sasa naona nilihitaji mwalimu." Akauvuta mchoro karibu. "Rudisha hayo tisa, nitayasoma mimi. Na kesho asubuhi njoo Lusail na pasipoti yako."

Baba alipaka mawe tisa, madam akimsomea. Mama alienda jikoni. Nilisikia maji ya bomba yakifunguliwa na kuachwa yamwagike, na baadaye nikasikia vyombo vikitolewa sandukuni kimoja kimoja.

Madam alipoondoka, baba alichukua ufagio akaanza kukusanya lile vumbi jeupe chini ya meza. Mimi nilikuwa bado na kinyongo. Nilisimama mbele ya ufagio.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Nilitaka lawama zije kwangu."

"Lakini angekunyima kazi."

"Angeninyima."

"Halafu?"

"Halafu tungerudi nyumbani," baba akasema. Alikuwa ameegemea ufagio, amechoka, uso wake una alama za jasi. "Kazi ingine ningetafuta huko. Lakini wewe ungeingia Wamunyu ukiwa mtoto ambaye hajaharibu kitu."

Nikafikiri.

"Sikuharibu," nikamwambia. "Nilisafisha."

"Sawa, mami," akasema. "Ulisafisha."